Tuanze na Walioacha Kuja Dirishani

Hotuba ya ufunguzi wa mkutano wa kisayansi kuhusu huduma za tiba ya uraibu, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, watafiti wenzangu, wauguzi, wafamasia na maofisa ustawi wa jamii mliosafiri usiku kucha kutoka mikoani, na ninyi wateja wa kliniki zetu mliokubali mwaliko wa kukaa nasi: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwasilisha na kushirikishana tafiti za huduma za tiba ya uraibu. Mada ni pana, na mimi ndiye niliyesimama kati yenu na chai ya saa nne, kwa hiyo nitabana. Nimeusoma mkusanyiko wa mihtasari ya mkutano huu ukurasa kwa ukurasa. Karibu kila utafiti unatueleza habari za watu waliobaki kwenye tiba: wamenenepa, wamerudi kazini, wamepatana na wazazi, wanameza ARV bila kukosa. Ni habari njema, na ni za kweli. Wale walioondoka wanapewa mstari mmoja chini ya jedwali, "waliopotea katika ufuatiliaji", halafu tunasonga mbele. Naomba leo tuanze na mstari huo.

Mimi ni mfamasia, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia nikiwa nimesimama kwenye dirisha la kugawia methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini ili waweze kuiacha. Kwa wale ambao hamjawahi kufika pale, mambo yako hivi. Mteja anataja namba yake au anaonyesha kadi. Nafungua rejesta, naangalia dozi yake ya leo na alikunywa lini mara ya mwisho. Napima dawa, ni ya maji, naizimua kikombeni, anakunywa mbele yangu, anasukumia kwa maji matupu, kisha nasubiri aseme neno lolote. Akisema "asante dokta" najua kinywani hakuna kitu. Yote hayo hayamalizi dakika moja. Kesho tena, na keshokutwa, Jumapili, Idi, Krismasi. Katika dakika hiyo rejesta imepata mstari mmoja wa taarifa: kaja, kanywa kiasi hiki. Na asipokuja, inapata kistari. Tafiti zetu zote za ubakiaji kwenye tiba, hata zile zenye michoro ya kupendeza ya rangi tatu, zimejengwa juu ya mistari na vistari hivyo.

Tiba yenyewe ni ya siku nyingi. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yao ya New York mwaka 1965, wakiwa na wagonjwa 22 tu. Afrika, Mauritius ilitutangulia mwaka 2006. Tanzania Bara tulifungua kliniki ya Muhimbili Februari 2011, Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, halafu Temeke, Mbeya, Mwanza, Dodoma, na kwa ndugu zetu wa Unguja kule Kidongo Chekundu. Wenzetu wa Kenya walianza mwishoni mwa 2014 pale Mathari, Nairobi, kisha wakashuka Pwani.

Lakini kabla ya dirisha lolote kufunguliwa, kuna jambo lililowashtua wengi. Mwaka 2005 Sheryl McCurdy na wenzake, wakiwamo Gad Kilonzo na M. T. Leshabari wa Muhimbili, waliandika katika British Medical Journal juu ya jambo lililokuwa likifanyika hapa hapa Dar es Salaam. Mwanamke akishajidunga, anavuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake aliyekosa hela ya kete, kwa imani kwamba damu ile ina heroini ya kutosha kumtuliza arosto, yaani maumivu ya kuikosa. Nani angetunga swali la dodoso la kuulizia kitu kama hicho? Habari ilitoka kwenye mazungumzo na wanawake wenyewe, watu ambao hawakuwa kwenye rejesta ya kliniki yoyote ya methadoni, maana kliniki haikuwepo. Nalitaja kwa sababu moja ya habari nzito kabisa katika sayansi yetu ya nyumbani ilitoka kwa watu walio nje ya huduma. Tangu tulipopata kliniki, tumezoea kufanya utafiti pale penye benchi na feni, kwa watu waliokuja wenyewe.

Sasa nije kwenye kwa nini mstari ule wa chini ya jedwali unaninyima usingizi. Mwaka 2017 Luis Sordo na wenzake, katika jarida hilo hilo, walikusanya tafiti 19 za ufuatiliaji zenye watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni na wengine zaidi ya 15,000 waliotibiwa kwa buprenofini, dawa nyingine ya tiba hiyo hiyo. Kwa upande wa methadoni, watu walipokuwa ndani ya tiba vifo vilikuwa 11.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Walipokuwa nje ya tiba vilikuwa 36.1. Mara tatu na ushei. Na hatari ilikuwa kubwa zaidi katika wiki nne za mwanzo baada ya kuacha. Sababu yake kila mfamasia humu anaijua: mwili uliokuwa umezoea unapoteza mazoea haraka, mtu anarudi maskani, kwenye vijiwe vya watumiaji, na kujidunga kiasi kile kile alichokimudu zamani, na pumzi inakata. Tafiti zile nyingi zilitoka Ulaya, Marekani ya Kaskazini na Australia, mahali ambapo gari la wagonjwa linafika na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, ipo. Mtu wa Manzese au wa Likoni akizidiwa usiku, anabebwa na wenzake kwenye bajaji, kama wenzake hawajakimbia kwa kuogopa polisi.

Kwa hiyo mtu anaposimama hapa na kusema "asilimia thelathini walipotea", nasikia idadi ya watu walioingia kwenye wiki nne hizo.

Na tukisema walipotea, walipotelea wapi? Fungueni mafaili yenu. Mtakuta kijana aliyekamatwa kwenye msako wa mtaa na kukaa mahabusu miezi miwili; hakuacha dawa, dawa ndiyo haikuvuka geti. Mtakuta mwingine alikwenda kuzika Tanga, akakaa hadi arobaini, akarudi na arosto na aibu, akaona hana uso wa kuja dirishani. Wa tatu alihamia Mbeya na anakunywa vizuri kabisa kule, ila barua ya uhamisho haikuandikwa. Wa nne alipunguziwa dozi taratibu na daktari wake hadi akamaliza, yaani amefuzu, lakini hakuna aliyebadilisha neno kwenye mfumo. Wa tano amefariki, na nduguze hawajui kwamba kliniki ingependa kuambiwa. Hawa wote tumewaweka kwenye kapu moja. Kisha tunapiga hesabu, tunapata thamani ya p, tunatoa hitimisho kuhusu "sababu za kuacha tiba".

Kapu hilo lina tatizo jingine ambalo watakwimu wetu wanalijua ila wanaona haya kulisema mbele ya wafadhili. Lini mtu anahesabiwa kuwa amepotea? Mmoja anasema siku 30 mfululizo bila kunywa. Mwingine anasema 90. Tuseme kliniki moja ina wateja mia. Kwa kipimo cha siku 30 waliobaki wakawa 62, kwa kipimo cha siku 90 wakawa 78, kwa sababu kumi na sita waliondoka wakarudi. Ni wateja wale wale na rejesta ile ile. Leo mchana mtaona mabango mawili, kutoka miji miwili, yakitumia vipimo viwili tofauti, na nawahakikishia kuna mtu atasema mji huu umeushinda ule. Sina ugomvi na kipimo chochote. Naomba tu kiandikwe kwenye muhtasari, mstari wa juu, na wale waliorudi wahesabiwe peke yao. Mtu aliyeondoka akarudi mara tatu ana mengi ya kutufundisha kuliko aliyenyooka moja kwa moja. Yeye anajua mlango wa kutokea na wa kuingilia.

Hapa nisimame kidogo kwenye dozi, maana ndiyo inayopendwa kwenye mawasilisho. Tafiti za Dar es Salaam, kama za kwingineko, zimeonyesha kwamba wanaopewa dozi kubwa hubaki kwenye tiba kuliko wanaopewa ndogo. Naamini hivyo, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 60 hadi 120 kwa siku kwa mtu aliyekwisha kutulia kwenye tiba. Dozi ya woga ni dozi ya kumrudisha mtu kwa pusha, muuza unga. Lakini ninyi vijana mnaofanya uchambuzi wenu wa kwanza, angalieni mtego. Hakuna anayeanza na miligramu 90. Anaanza chini, anapandishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Aliyeacha siku ya kumi hakuwahi kupata nafasi ya kufika kwenye dozi kubwa. Ukimwekea kila mtu dozi yake ya mwisho halafu ukalinganisha, utagundua kwamba waliokaa muda mrefu ndio wenye dozi kubwa, jambo ambalo hata mlinzi wa getini angekwambia. Kwa hiyo swali langu kwa kila mtoa mada wa leo ni moja: dozi umeihesabu kadiri ilivyobadilika siku hadi siku, au umechukua ya mwisho? Nitauliza, msinichukie.

Kuna mfano mmoja wa karibu. Mteja wangu, mtu mzima, fundi seremala, ametulia kwenye dozi yake karibu mwaka. Ghafla anaanza kulalamika kwamba dozi "haikai": usiku anatoka jasho, mifupa inamuuma, ikifika alfajiri anapiga miayo na machozi yanamtoka. Zahanati aliyokuwa akienda kwa shida nyingine walimwambia anatafuta kuongezewa ili alewe. Nilimwuliza swali moja: kuna dawa nyingine unameza? Akatoa mfukoni karatasi yenye vidonge vya TB. Ameanzishwa wiki mbili nyuma. Rifampisini, iliyomo kwenye vidonge vile, inalifanya ini liivunje methadoni haraka, dawa inaisha mwilini kabla ya siku kuisha. Dozi ikapandishwa, akalala. Na alipomaliza dawa za TB ilibidi tumshushe taratibu, kwa sababu kile kile kilichokuwa kinamtosha kingeanza kumzidi.

Hilo si jambo jipya. Mary Jeanne Kreek na wenzake walilichapisha mwaka 1976. Efavirenzi, mojawapo ya ARV, nayo ina tabia inayofanana, ndiyo maana wateja wetu wengi walipohamishiwa ARV nyingine, dolutegraviri, tulipumua. Taarifa imekuwepo kwenye majarida tangu baadhi yetu hatujazaliwa, na bado haikuwa imevuka ua, kutoka kliniki ya TB hadi dirisha la methadoni, wakati mwingine ni hatua hamsini chini ya mwembe ule ule. Fundi yule asingeonyesha karatasi yake, angerudi kwenye unga ndani ya mwezi mmoja, na kwenye jedwali la mtu angeandikwa "alipotea". Naye angekuwa sahihi kutuona sisi ndio tuliopotea.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna kliniki humu nchini iliyoandika mlangoni "usirudi". Lakini dirisha linafunguliwa asubuhi na kufungwa mapema mchana, na fundi wa ujenzi akipata kibarua cha Kigamboni anachagua kati ya dawa na mkate. Nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila siku ya Mungu, ni kodi tunayomtoza mtu tunayemwambia tiba ni bure. Askari akijua njia ya kliniki, njia hiyo inageuka kuwa mtego. Ni mara chache nimeona utafiti uliopima nauli. Umri tunapima, kiwango cha elimu tunapima, dini tunauliza, sijui kwa nini. Nauli, umbali, saa za kufungua na lugha ya muuguzi wa zamu vinaachwa, ilhali hivyo ndivyo vitu ambavyo mganga mfawidhi anaweza kuvibadilisha Jumatatu ijayo. Umri wa mteja hawezi kuubadilisha.

Wanawake ndio wanaonisumbua zaidi. Angalieni foleni yoyote ya methadoni kutoka Temeke hadi Mombasa: wanaume, wanaume, wanaume, mwanamke mmoja na mtoto mgongoni. Watu hudhani wanawake hawadumu kwenye tiba. Utafiti wa ubakiaji wa Barrot Lambdin na wenzake katika kliniki ya hapa Dar es Salaam, uliochapishwa 2014, ulionyesha kinyume: wanawake walioingia walikuwa na uwezekano mdogo wa kuacha kuliko wanaume. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba watu waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono walikuwa hatarini zaidi kuacha. Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, unaona kwamba shida ya mwanamke inaanza mbali na dirisha. Anayefanya kazi usiku hawezi kuwa kwenye foleni saa moja asubuhi. Aliye na mtoto anaogopa kwamba ofisa ustawi akimwona atanyang'anywa. Mwenye bwana anayemshikia hela, na wakati mwingine ndiye anayemdunga, hatoki bila ruhusa. Utafiti unaowahesabu wanawake waliofika kliniki pekee hautawaona hawa hata ukikusanya sampuli mpaka kiama. Wanaowajua ni waelimishaji rika wanaozunguka maskani, na wengi wao hawamo kwenye orodha ya waandishi wa makala yoyote. Walileta watu, wakapewa posho ya siku na fulana.

Sasa kushirikishana. Naona tuna desturi mbili ambazo ningependa ziishie kwenye mkutano huu. Ya kwanza ni picha. Mtu anaonyesha picha ya mteja akinywa dawa, kamziba macho kwa ukanda mweusi, anadhani amemficha. Mtaani kwake watamjua kwa kofia na mkono wake wenye kovu, na slaidi zikishasambazwa kwa WhatsApp hazirudi. Vivyo hivyo na zile "sifa za mshiriki": mwanamke, umri huu, kata hii, ana watoto wanne, anaishi na VVU. Kwenye kata ile yupo mmoja tu. Haihitaji jina.

Ya pili ni kwamba tukimaliza hapa, matokeo yanapanda juu: kwa mfadhili, wizarani, kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kwenye jarida. Sawa, yapande. Lakini kushuka hayashuki. Muuguzi aliyejaza rejesta kwa miaka mitatu haambiwi rejesta yake ilisema nini. Mteja aliyejibu maswali ya saa nzima juu ya mambo ambayo hajawahi kumwambia mama yake hajui kama majibu yale yalimfikia mtu. Kisha mwaka unaofuata tunamwendea tena na fomu mpya ya ridhaa, tunashangaa anapokataa.

Ninayoyaomba ni mambo ya kawaida kabisa. Kila utafiti unaowasilishwa hapa uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kubandikwa kwenye ubao wa kliniki ulikofanyika, na ukurasa huo usomwe kwanza na wateja wawili watatu kabla ya kubandikwa, maana ndio watakaosema "hapa mmekosea". Kila jedwali la waliopotea ligawanywe: mahabusu au gerezani, amehamia kliniki nyingine, amemaliza kwa mpango, amefariki, ameacha na yuko maskani, hajulikani. Hata kama safu ya "hajulikani" itakuwa ndefu kuliko zote, tuione ndefu. Na bajeti ya utafiti iwe na fungu la kuwalipa waelimishaji rika wamtafute mtu ndani ya siku chache baada ya vistari vitatu mfululizo kwenye rejesta. Kwa kawaida siku ya tatu ndiyo tunayotakiwa kuitazama upya dozi kwa usalama wake; basi iwe pia ndiyo siku ya kwenda kumwulizia. Tukisubiri siku 30 ili aingie kwenye kipimo chetu, wiki nne zile zimeshapita.

Kuna watakaosema hii si sayansi, ni ufuatiliaji wa huduma. Nimeshasikia hoja hiyo, hasa kutoka kwa watu wanaoshika kipaza sauti muda mrefu. Jibu langu ni kwamba ukimfuata mtu aliyeacha ukajua kwa nini, umepata data ambayo hakuna mtu mwingine anayo, na pengine umemrudisha. Sijui utafiti gani mwingine unaolipa mara mbili hivyo.

Mchana, baada ya chakula, chumba kidogo cha kushoto kimetengwa kwa ajili ya kazi hii. Watakuwepo wawakilishi wa wateja kutoka kliniki tatu na waelimishaji rika wawili wa Dar es Salaam, na rasimu ya fomu yenye zile safu sita. Wanataka ikosolewe. Wametuomba watafiti tuje na kalamu, tusije na slaidi, na kikao kitaendeshwa kwa Kiswahili. Mwenye kuhitaji mkalimani amwone katibu wakati wa chai. Ahsanteni sana.